Kisu cha tatu: hadithi fupi ya Four isomwe kabla ya Divergent au baada yake?

Mleta uzi, Mji wa Kale

Waungwana, asalaam aleikum na habari za jioni. Kabla sijafika mbali, namwomba yeyote ambaye hajakimaliza kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Divergent auweke uzi huu kando mpaka akimalize, kwa kuwa jambo ninalotaka tulijadili haliwezi kujadiliwa bila kumwaga mtama.

Nasimamia kikundi kidogo cha vijana wanaosoma pamoja kila Jumamosi baada ya alasiri, katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Kibokoni ambacho mwenyewe ametuazima bila kutudai kodi. Wao ni tisa, wa umri wa kati ya miaka 14 na 18, na nakala za karatasi tulizo nazo ni tatu tu, mojawapo ikiwa imeingia maji ya chumvi na kuvimba kama hamri. Wengi husoma kwenye simu, na hapo ndipo mzozo ulipoanzia. Binti mmoja, ambaye hapa nitamwita Mdogo kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote, aliikuta hadithi fupi ya Free Four kwenye simu ya kaka yake, akaona kurasa zake ni chache, akaimaliza kwa usiku mmoja kabla hajaigusa riwaya yenyewe. Tulipofika sura ya 13 wenzake walikuwa wamejishika vichwa, naye anatafuna kachri zake. Nilipomwuliza mbona hana habari, alinijibu, "Maalim, mimi namjua huyu. Hawezi kumwumiza."

Kwa waliosahau, nitaeleza kwa ufupi. Divergent, riwaya ya mwandishi wa Marekani Veronica Roth, ilitoka mwaka 2011, ikafuatwa na Insurgent mwaka 2012 na Allegiant mwaka 2013. Mji ni Chicago wa siku zijazo, nusu yake magofu, na wakazi wake wamegawanywa makundi matano kwa tabia wanazozitukuza: wapo wajinyimao, wasiotishika, wakweli, wajuzi na wapenda amani. Kijana akitimiza miaka 16 huchagua kundi la kuishi nalo, hata ikimlazimu kuwapa wazazi wake mgongo. Tris anawaacha wajinyimao, anajiunga na wasiotishika, na mkufunzi wake huko ni kijana mkimya anayeitwa Four. Yote haya tunayapata kwa mdomo wa Tris peke yake. Katika sura hiyo ya 13 wanagenzi wanafunzwa kurusha visu. Al, kijana wa mwili mkubwa na moyo laini, visu vyake haviupati ubao, na Eric, mmoja wa viongozi, anamwamuru asimame mbele ya shabaha arushiwe yeye. Tris anapinga, basi anaambiwa asimame mahali pa Al, kwa sharti kwamba akishtuka tu Al atarudishwa pale pale. Anayetakiwa kurusha ni Four. Visu viwili vinapita karibu, cha tatu kinamchana sikio.

Free Four ni tukio hilo hilo likisimuliwa na aliyeshika visu. Ilitolewa Aprili 2012 kama kitabu cha kielektroniki, siku chache kabla ya Insurgent kuingia madukani. Jina la Kiswahili la maandishi ya namna hii sijalipata. Sisi tunaiita hadithi ya ubavuni, kwa kuwa hutembea ubavuni mwa riwaya, haiipiti mbele wala haibaki nyuma.

Msimamo wangu ni kwamba isomwe baada, na si baada ya sura ya 13 tu, isomwe baada ya kitabu kizima. Sababu ya kwanza ni nyepesi: jina kamili la hadithi hiyo linamtaja Tobias, jina halisi la Four ambalo Tris halijui mpaka kitabu kimeshapita nusu, na ambalo likishajulikana hugeuza maana ya kila alichokifanya mkufunzi yule tangu siku ya kwanza. Siri ya kurasa mia kadhaa imebandikwa jaladani kama bei kwenye kanga. Sababu ya pili ndiyo nzito. Tris akiwa amebana kichwa chake kwenye ubao hajui kama mkono ule ni wa rafiki au wa adui, nasi tunaosoma hatujui, na uzito wote wa sura umesimama juu ya kutojua huko. Baada ya tukio Four anamkubalia kwamba alikusudia kumchana, naye Tris anabaki na hasira na swali pamoja. Nadhani msomaji naye anastahili kutembea na swali hilo. Aliyeanzia ubavuni amepewa jibu kabla hajauliza.

Naomba maoni, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji, Likoni

Maalim, nimeusoma uzi wako ndani ya feri kwa makini kiasi kwamba nusura nirudishwe Likoni bila kushuka. Napinga nusu ya maneno yako. Wewe unauliza hadithi hii isomwe lini, nami nauliza kama ilikuwa na haja ya kuandikwa.

Katika riwaya, Four ni mtu wa kutazamwa. Tris anaona ncha ya mchoro unaochungulia kwenye ukosi wa shati lake, anaona mikono, anaona namna anavyosimama wakati wengine wanapiga kelele, na kutokana na vipande hivyo anamjenga mtu mzima, nasi tunamjenga pamoja naye. Mtu mkimya ana deni kwetu; tunamdai neno, ndiyo maana tunamfuata. Sasa anakuja Free Four analilipa deni lote kwa mkupuo mmoja, na nyuma ya kimya kile namkuta kijana wa kawaida ambaye anamhofia Eric, anapiga hesabu, anamwangalia msichana na kujikemea kwa kumwangalia. Simlaumu, kwani ana miaka 18. Lakini yule niliyekuwa nikimtafuta tangu ukurasa wa kwanza amekwisha kuondoka.

Roth mwenyewe ameeleza kwamba mwanzo kabisa alianza kukiandika kisa hiki kwa sauti ya Tobias, hakikwenda, mpaka alipompata Tris. Kwa hiyo Free Four naionja kama ukoko wa chungu kile cha kwanza. Ukoko ni mtamu, nakubali, na watoto huugombania, ila hakuna anayemkaribisha mgeni kwa ukoko.

Kitu kimoja nitaitetea nacho. Inafunguka kwa harufu ya ukumbi wa mazoezi, vumbi na jasho na chuma kilichonolewa, na Four anasema hapo ndipo mahali pa kwanza alipopata kujiona ana nguvu. Kwa Tris ukumbi ule ule haukuwa hivyo. Kama hadithi yote ingekwenda hivyo, kitu kile kile na pua mbili, ningekaa kimya.

Mwalimu wa Kiswahili, Changamwe

Nawashukuru nyote wawili kwa mjadala wa heshima. Dada wa Likoni, mfano wako wa ukoko nitauiba darasani.

Mimi nitaingia kwa mlango wa nyumbani. Jambo moja kusemwa na pande mbili si geni katika mji huu. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga hapa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wetu na Lamu ulipokuwa na uhasama, na mashairi yake ya kisiasa hayakuwa ya kusomwa kimya chumbani. Yalikuwa ni kauli zinazongojea kujibiwa, nazo zilijibiwa. Anayejibu katika kujibizana kwa mashairi hufungwa na vina na mizani vya aliyeanza, huyashika maneno yale yale, kisha huyapindua mpaka yamwelekee mwenyewe aliyeyatoa. Kufungwa kule ndiko kunakolipa jibu makali, kwa sababu msikilizaji anayakumbuka ya kwanza na anangojea aone yatapinduliwaje.

Nikiipima Free Four kwa kipimo hicho, naona imefungwa sawasawa: maneno waliyoambizana watu katika sura ya 13 hayana budi kubaki yale yale, Eric lazima aseme aliyoyasema, Tris lazima amjibu vile vile kwamba kusimama mbele ya shabaha hakuthibitishi ushujaa wowote na kwamba kuwaonea wengine ni dalili ya woga. Mwandishi hana nafasi isipokuwa katikati ya maneno hayo. Mpaka hapo ni kazi ya ufundi na naiheshimu. Ila hakuna kinachopinduliwa. Four anatazama alichokitazama Tris, anakiona alivyokiona, kisha anatuongezea kwamba moyoni alikuwa upande wake. Huyo hajajibu, ameitikia.

Jibu hasa lingetoka kwa Al. Fikirini hali yake. Yeye ndiye aliyekosea, yeye ndiye aliyepaswa kusimama, na msichana mwenye nusu ya uzito wake amemfichia aibu mbele ya kundi linaloabudu ujasiri. Four na Tris wote wawili wanalihesabu tendo lile kuwa ni wema. Waliokimaliza kitabu wanajua wema ule ulimfikisha wapi Al, nami sitasema zaidi. Hadithi ya ubavuni ikitoka kwake ingetulazimisha kuirudia riwaya nzima.

Mchangiaji, Tudor

Shikamoo Maalim, shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana, na nimekuja na tatizo la kiufundi ambalo naamini linahusu swali lenu.

Likizo iliyopita nilijaribu kuifasiri Free Four kwa ajili ya dada zangu ambao Kiingereza chao hakijakaa sawa. Nilikwama mahali ambapo sikutarajia. Kiingereza kina neno moja la kumtajia mwanamke na jingine la kumtajia mwanamume, kwa hiyo Four anaweza kumtazama Tris huku Eric anaongea na msomaji asipotee, kwani kila kitendo kinajulikana ni cha nani. Kiswahili kinatupa "a" moja kwa wote. Niliandika aya nzima ya "anamtazama", "anatabasamu", "haangalii pembeni", na dada yangu akaniuliza nani anamtabasamia nani. Ikanilazimu kulirudisha jina la Tris karibu kila sentensi. Nilipomaliza na kuisoma kwa sauti, nikagundua Four wangu analitaja jina la Tris mara nyingi kuliko Four wa asili, na amekuwa kama mtu aliyekwisha kupenda na hajui. Lugha yetu imemfichua.

La pili ni nyakati. Riwaya imesimuliwa kwa wakati uliopo, mambo yanatokea huku yanasemwa. Mkono wangu ulitaka kuandika "nikakishika kisu, nikavuta pumzi, nikakiachia", kwa sababu hivyo ndivyo sisi tunavyosimulia. Lakini "nikakiachia" ni kauli ya mtu aliyekwisha kunusurika, ambaye amekaa barazani na kahawa yake anakumbuka. "Ninakiachia" ni kauli ya mtu ambaye hajui kisu kitatua wapi. Nikaziacha "nina" zote, ingawa masikioni mwangu zilikwaruza kurasa mbili tatu za mwanzo.

Nikirudi kwenye swali la Maalim: katika tafsiri yangu, hata anayejua kila kitu anahofu, kwa sababu Four mwenyewe anahofu. Kwa hiyo sikubali kwamba jibu limetolewa mapema.

Jina la kejeli wanaloitwa wajinyimao, Stiff, yaani mkavu kama mti, nalo lilinitesa. Nilianza na "Kigogo", nyumba nzima ikacheka wakidhani Tris amekuwa waziri. Nimeishia kwenye "Gogo".

Mleta uzi, Mji wa Kale

Marahaba, mwanangu. Nimecheka peke yangu mpaka nikaulizwa kuna nini.

Nina jambo la kuwaeleza ambalo limetokea Jumamosi hii, na ambalo limenitikisa katika msimamo wangu. Baada ya kuyasoma maneno yenu niliona tuache kubishana kwa midomo. Chumba chetu kina mlango wa mbao mzito uliochubuka rangi. Tulichora duara juu yake kwa chaki, tukapima hatua sita, na nikauliza nani atasimama. Mdogo akasimama kabla sijamaliza swali. Wa kurusha tulimchagua kijana wa miaka 17 ambaye ana shabaha kuliko wenzake, na silaha yake ilikuwa vipande vitatu vya chaki. Niliwaambia wengine wasicheke, na hawakucheka, jambo ambalo katika kikundi kile si la kawaida.

Kipande cha kwanza kilipiga ubao kando ya bega lake la kushoto na kuvunjika viwili, vumbi jeupe likamwangukia kwenye buibui. Mdogo alifumba macho. Cha pili kilipiga juu ya kichwa, na safari hii hakufumba. Cha tatu hakikurushwa. Yule kijana alinyanyua mkono, akaushikilia hewani kwa muda mrefu, kisha akauteremsha na kukiweka kile kipande mezani polepole kama kitu cha kuvunjika.

Nilimwuliza kulikoni. Akasema kwamba mara mbili za kwanza alikuwa akitazama mbao, na mkono ulikuwa mwepesi, lakini mara ya tatu aliutazama uso wa Mdogo, naye Mdogo alikuwa akimtazama yeye, na hapo chaki ikawa nzito. Mdogo kwa upande wake alisema hakuuona uso wa mtu. Aliona vidole. Angeweza kutuchorea kucha zake.

Nimelifikiria jambo hili tangu Jumamosi. Mdogo anamjua kijana yule tangu wote wawili wakiwa chuoni wanasoma juzuu moja, anajua fika hawezi kumdhuru, na alikuwa akirushiwa chaki, na bado alifumba macho. Kwa hiyo kijana wa Tudor ana hoja, kwani kujua hakukumwondolea hofu ya kusimama pale. Kilichomfanya atafune kachri kwa utulivu siku ile, nadhani sasa, ni kwamba sura ya 13 alikuwa akiisoma akiwa nyuma ya visu. Hadithi ya ubavuni ilikuwa imekwisha kumpangia mahali pa kusimama.

Na dada wa Likoni, lile la pua mbili ulilolisifu lilitokea mlangoni kwetu, kwa maana mmoja aliona uso na mwingine aliona vidole. Hapo naona pana haja ya kuandikwa.

Mzazi, Kisauni

Samahanini kwa kuingia katikati ya mazungumzo ya wasomi. Mimi ni mama wa binti wa miaka 14, na niliingia humu nikitafuta kujua kama vitabu hivi vya visu vinamfaa mtoto, kwa sababu amevipata kwa rafiki na havimtoki mkononi. Nimevisoma mwenyewe usiku akiwa amelala, viwili vya mwanzo na kile cha hadithi za Four, na sasa nina la kusema.

Nyote mmeshughulika na kisu. Mimi nilishikwa na mkanda.

Mwanzoni mwa kitabu cha kwanza, kwao Tris mezani, yanazungumzwa yaliyoandikwa na kundi la wajuzi, kwamba Marcus, kiongozi mkubwa wa wajinyimao na mtu wa kuheshimiwa katika serikali ya mji, alikuwa akimpiga mwanawe mpaka mwana akalihama kundi. Baba yake Tris hasikii la mtu. Kwake ni uzushi wa mahasimu wa kisiasa. Tris naye anaamini hivyo, nami nikaamini hivyo, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Mtu akisifika barazani, nani atamwuliza mkewe na watoto wake nyumbani kukoje? Baadaye sana, Four anapomwingiza Tris ndani ya njozi ya mazoezi inayozifufua hofu zake nne, ambazo idadi yake ndiyo iliyompa jina, wa mwisho kutokea ni Marcus na mkanda mkononi. Nilikiweka kitabu chini, nikatoka uani.

Maalim, wewe ulisema jina la Tobias lililoko jaladani ni sababu nyepesi. Kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Aliyekwisha kujua Four ni mwana wa nani hatakaa na familia ya Tris mezani na kuwa upande wa baba. Hataonja ile aibu ya kugundua kwamba na yeye alikuwa miongoni mwa waliokataa kuamini. Mimi nimeionja, na nataka binti yangu aionje akiwa bado mdogo, kwenye kitabu, kabla hajakutana nayo kwa jirani.

Katika mkusanyiko wa Four wa mwaka 2014 kuna hadithi nne, na ya kwanza, The Transfer, ambayo ilikuwa imetoka peke yake mwaka 2013, inamwonyesha Tobias siku za uchaguzi wake, baba yake akiwa amekwisha kumfunza majibu ya kutoa kwenye mtihani ili abaki alipozaliwa. Hiyo sioni kama ni ukoko, dada yangu. Humo mna mtoto ambaye Tris hakuwepo kumwona, na hakuna mwingine wa kutusimulia.

Jibu la swali langu nimeshalipata mwenyewe, aendelee kusoma. Ila niliuficha mkusanyiko ule kabatini chini ya mashuka mpaka amalize cha kwanza.

Mchangiaji, Likoni

Bi mkubwa, nimekusoma mara mbili na nayafuta maneno yangu ya ukoko kwa upande wa The Transfer. Hoja yangu inasimama kwa Free Four tu, ambayo inarudi mahali tulipokwisha kufika. The Transfer inakwenda mahali ambapo riwaya haikuwa na macho. Nilizichanganya zote kapu moja kwa sababu msimulizi ni yule yule, na hilo ni kosa langu.

Nikiongeza moja tu: katika Allegiant, Tris na Tobias wanapokezana sura, na mara kadhaa nililazimika kurudi juu kutazama jina la msimulizi ili nijue nani anaongea. Sasa jiulizeni, kama mwandishi alikuwa na sauti mbili tofauti kweli, kwa nini nilipotea? Katika Free Four sikupotea kwa sababu niliujua mkono uliokuwa na kisu. Naomba asitokee mtu hapa akaeleza kwa nini kitabu kile cha tatu kilihitaji wasimulizi wawili. Wapo humu ambao bado hawajafika.

Mwalimu wa Kiswahili, Changamwe

Bi wa Kisauni, hujaingia katikati ya wasomi. Umetusomesha.

Maalim, nasisitiza ombi langu kuhusu Al. Waandikishe vijana wako.

Mleta uzi, Mji wa Kale

Bi wa Kisauni, nakubali nililipima jina lile la jaladani kwa mizani ya duka, nikaliona jepesi. Nimebadilisha utaratibu wa kikundi: nakala ya Four ya mkusanyiko itakaa kwangu mpaka wote tisa wapite pale hofu nne zinapoonekana, na kila atakayefika atanong'ona jina kwenye sikio langu kabla ya kupewa. Free Four siwezi kuizuia, kwa kuwa iko kwenye simu za kaka zao.

Mwalimu, niliwaandikisha jana. Niliwapa sharti lako la kujibizana, kwamba maneno yaliyosemwa katika sura ya 13 yabaki yalivyo na wao waandike yaliyo katikati kwa moyo wa Al. Wawili waliandika kwamba Al alishukuru. Mmoja aliandika kwamba Al alitamani kisu cha tatu kimpate Tris vibaya zaidi, halafu akakifuta kwa aibu, nami nikamwomba akirudishe, maana ndiyo sentensi pekee iliyoonyesha kwamba amekielewa kitabu. Kijana wa chaki aliandika nusu ukurasa kuhusu uzito wa visu alivyoshindwa kuvirusha.

Karatasi ya Mdogo ilikuwa fupi kuliko zote. Al wake anatazama sakafu. Anahesabu vishindo vya visu kwenye mbao, kimoja, viwili, na cha tatu kinatoa sauti tofauti kidogo, kisha anaona viatu vya watu vikielekea mlangoni. Sikio halimo, damu haimo, Four hayumo. Nilimwambia kwamba msomaji asiyekijua kitabu atataka kuambiwa kile kisu cha tatu kilifika wapi, na nikampa kalamu aongeze mstari mmoja tu. Alikataa kuipokea. Alisema hawezi kuliandika jambo hilo, kwa sababu Al hakutazama.